Miligramu kumi za nini? Mwanga, melatonini na usingizi wa visiwani

Jamaa akija likizo kutoka Marekani, siku hizi ndani ya begi, baina ya manukato na viatu vya watoto, hukosi kukuta kichupa cha vidonge vya usingizi. Juu kimeandikwa melatonini, miligramu 10. Mara nyengine si vidonge hata, ni peremende laini zenye ladha ya stroberi. Kichupa kinazunguka mtaani. Mama mkwe anapewa vitatu, jirani mwenye presha anaomba viwili, kijana anayejitayarisha na mtihani anajichotea mwenyewe. Swali huwa lile lile, "nimeze vingapi?", na jawabu nalo halibadiliki: kimoja kisipokufaa, ongeza.

Jawabu hilo limekwenda kombo tangu mwanzo, kwa sababu linaichukulia melatonini kama kileo cha ubongo, kikizidi dozi kinazidi nguvu. Melatonini ni homoni ya mwili wenyewe, na ina kazi nyengine kabisa: kuuambia mwili kwamba usiku umeingia. Na anayeamua lini iseme hivyo ni mwanga unaoingia machoni, kitu ambacho visiwani tunacho bure. Kwa hiyo tuanze na mwanga, kichupa tutakirudia.

Deni na saa

Wanaochunguza usingizi hutenganisha nguvu mbili zinazomlaza mtu. Ya kwanza ni deni la kukaa macho. Tangu unapoamka, ubongo unatumia nishati na kuacha kemikali iitwayo adenosini; kadiri kutwa inavyosonga ndivyo inavyojikusanya na ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Ukilala, deni linalipwa. Kafeini ya kahawa na chai hailipi chochote. Inakalia tu viti vya adenosini ili ubongo usiihisi, na inapoondoka uchovu unarudi wote kwa mpigo.

Ya pili ni saa ya mwili. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana, kuna fundo la seli zipatazo 20,000 linaloendesha mzunguko wa siku: joto la mwili kupanda na kushuka, homoni, njaa, usingizi. Fundo hilo linakwenda hata ukifungiwa chumba kisicho na dirisha. Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake wa Harvard walipima mwendo wake kwa watu waliotengwa na kila dalili ya usiku na mchana, wakakuta wastani wa saa 24 na dakika kama 11. Dakika 11 zinaonekana si kitu. Ziache wiki mbili bila kurekebishwa, umeshachelewa saa mbili u nusu.

Wapo wanaoishi na saa isiyorekebishwa. Baadhi ya watu wasioona kabisa, ambao macho yao hayapeleki mwanga wowote ubongoni, usingizi wao huteleza kila siku: wiki hii wanalala usiku vizuri, baada ya wiki chache usingizi umehamia mchana. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba melatonini ikitolewa kila siku kabla ya kulala inaweza kuikamata saa hiyo na kuituliza. Lakini vipofu wote si hali moja. Miaka mitano kabla, Czeisler aliripoti watu wasioona hata kivuli ambao, wakiwekewa mwanga mkali, melatonini yao ya usiku ilishuka kama ya mtu anayeona. Macho yao yalikuwa yanapokea mwanga kwa njia nyengine.

Njia yenyewe ilipatikana kwa vipande. Mwaka 1998 Ignacio Provencio alitambua melanopsini, kemikali inayohisi mwanga, kwenye ngozi ya chura. Mwaka 2002 David Berson na Samer Hattar, kila mmoja na wenzake, wakaonyesha kwamba kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, kuna seli chache zenye kemikali hiyo, zinazopeleka habari moja kwa moja kwenye saa ya mwili. Seli hizi hazichori picha ya mtu wala ya mti. Zinapima wingi wa mwanga tu, na zinashtuka zaidi kwa mwanga wa samawati wa nanomita 480 hivi, rangi ya anga la asubuhi iliyotakata.

Jua la bure na watu wasiolipata

Mwanga hupimwa kwa luksi. Uwanja ulio wazi adhuhuri ya Unguja unafika luksi 100,000. Kaa chini ya mwembe, au toka siku ya mawingu ya masika, bado unapata maelfu. Sasa ingia ndani ya duka kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, kuta nene na dirisha moja, au ofisi iliyofungwa mapazia ili baridi ya kiyoyozi isitoke: luksi 100, 300, na kukiwa na taa nzuri 500. Jicho linajirekebisha upesi kiasi kwamba mtu haoni tofauti kubwa. Saa ya mwili inaiona. Kwake, aliyeshinda dukani ameshinda katika magharibi ya kutwa nzima.

Sisi tuko kiasi cha nyuzi 6 kusini ya ikweta, na tofauti baina ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haizidi sana dakika 40. Hatuna ile Disemba ya Ulaya ya kaskazini, watu wanatoka kazini kiza kimeshaingia tangu alasiri, wakanunua taa za luksi 10,000 na kukaa mbele yake nusu saa kila asubuhi. Hapa luksi hizo ziko barazani. Ila ziko barazani, si sebuleni, na maisha ya mjini yanazidi kuhamia ndani.

Fikiria ndugu wawili. Mmoja analima mwani Jambiani: maji yakitoka asubuhi naye yumo, jua utosini, kumeta kwa bahari usoni. Mwengine anakaa kaunta ya duka kubwa mjini tangu saa mbili asubuhi mpaka jua lizame. Jioni wote wawili wanakaa sebule moja, chini ya taa moja nyeupe, kila mmoja na simu yake. Taa hiyo haitawagusa sawasawa. Mwaka 2016 watafiti wa Uppsala, Uswidi, waliwaweka vijana 14 kwenye chumba chenye luksi kama 569 kwa saa sita u nusu, kisha wakawaachia wasome kwenye tableti saa mbili kabla ya kulala. Tableti haikuwadhuru, walilala kama waliosoma kitabu cha karatasi. Mwanga wa kutosha mchana unalifanya jicho lisishtuke kwa mwanga mdogo wa usiku. Na ile ilikuwa luksi 569 tu, ambayo mkulima wa mwani anaipita kabla jua halijapanda vizuri.

Saa pia ina upande wa kuelekea. Mwanga unaokupata asubuhi, baada ya ile nukta ambayo joto la mwili ni la chini kabisa (huwa saa mbili au tatu kabla ya kuamka kwako kwa kawaida), unaivuta saa ili usiku ujao usingizi uje mapema. Mwanga wa jioni na wa usiku unaisukuma ili usingizi uchelewe. Kwa anayeamka alfajiri hii ni neema, lakini nusu ya neema. Unapokwenda msikitini bado ni kiza. Jua linachomoza baina ya saa kumi na mbili na kumi na mbili na nusu hivi. Anayesali akarudi chini ya chandarua mpaka saa tatu amekosa kile kipande chenye thamani. Anayesali, akatoa kiti nje, akanywa chai yake nusu saa ikipambazuka, amekipata. Miwani myeusi ingoje baadaye. Na jua lenyewe halitazamwi, mwanga wa anga unatosha.

Jioni: taa ya darini kuliko simu

Lawama zote siku hizi zinaiangukia simu. Mimi naona imeonewa kidogo. Mwaka 2015 Anne-Marie Chang na wenzake waliwapa watu 12 tableti iliyowaka kwa mwisho wa mwangaza, saa nne kila jioni, jioni tano mfululizo, kisha wakawapa kitabu cha karatasi kwa utaratibu ule ule. Kwa tableti walichelewa kupata usingizi kwa dakika kama 10. Dakika 10 zipo, lakini si zile saa mbili ambazo mtu anageuka kitandani bila kupata hata lepe. Simu, ambayo kioo chake ni kidogo kuliko cha tableti, inakukesha zaidi kwa yaliyomo: sauti za kundi la ukoo, deni la harusi, mechi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ambayo kwa saa zetu inaanza saa nne au saa tano usiku. Kubadilisha kioo kiwe cha njano hakuiondoi penalti ya dakika ya tisini.

Kinachosahauliwa ni taa ya darini. Mwaka 2011 Joshua Gooley na wenzake walilinganisha mwanga wa kawaida wa chumbani, chini ya luksi 200, na mwanga hafifu wa chini ya luksi 3, kwa watu 116. Katika mwanga wa chumba, melatonini ilichelewa kuanza kwa karibu kila mmoja wao, na muda wake usiku ukafupika kwa dakika kama 90. Hii ndiyo sebule ya kila mtu: taa ndefu nyeupe, kuta zilizopakwa rangi nyeupe, sakafu ya vigae inayorudisha mwanga juu. Kwenye boksi la glopu huandikwa namba. 6500 ni nyeupe yenye samawati nyingi, 2700 ni ya njano. Bei huwa hazipishani sana. Weka ile ya njano chumbani, na ikishapita Isha zima ya darini, washa moja ndogo ya pembeni chini ya usawa wa macho. Wataalamu waliokaa pamoja mwaka 2022 walipendekeza mwanga unaofika jichoni saa tatu za mwisho kabla ya kulala usizidi luksi 10, wakati mchana usipungue 250, ukipimwa kwa namna ile zile seli za melanopsini zinavyouhisi.

Watu hawafanani, na hili limeharibu mazungumzo mengi ya mume na mke. Utafiti wa mwaka 2019 wa Andrew Phillips na wenzake ulikuta kwamba mwanga unaotosha kupunguza nusu ya melatonini ya mtu mmoja unaweza kuwa mara 50 ya ule unaotosha kwa mwengine. Kwa hiyo bwana anayekoroma taa ikiwa inawaka hamfanyii mkewe kiburi, wala mke anayelalamikia taa ya ukumbini inayopenya chini ya mlango hadeki. Watoto wadogo wako upande wa wanaoguswa haraka: huko Colorado mwaka 2018, watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliochezea juu ya meza yenye mwanga wa luksi 1,000 kwa saa moja kabla ya kulala, melatonini yao ilishuka kwa asilimia kama 88, na karibu saa nzima baadaye haikuwa imerudi.

Unguja ina kumbukumbu yake ya giza. Mei 2008 umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima bila umeme huo. Disemba 2009 ukakatika tena, safari hiyo mpaka Machi 2010. Kwa hesabu ya mwanga peke yake, mara zote mbili zingekuwa msimu wa kulala. Lakini giza la kwanza liliangukia masika yakielekea kipupwe, kusi kinavuma; la pili liliangukia kaskazi, joto la Januari na Februari, feni zimelala na majenereta yananguruma uchochoroni. Giza lilikuwa moja, usiku haukuwa mmoja. Ili usingizi uje, mwili lazima ushushe joto lake la ndani kwa kulitoa kupitia viganja na nyayo, na chumba chenye hewa iliyosimama hakiupi nafasi. Jerome Siegel na wenzake walichapisha mwaka 2015 uchunguzi wa jamii tatu zinazoishi bila umeme, mojawapo Wahadza wa huko Ziwa Eyasi. Hawakulala jua lilipozama. Kwa wastani walikaa macho saa tatu na zaidi baada ya magharibi, na usingizi wao ulikwenda sambamba na kushuka kwa joto la usiku. Kwa hiyo anayejilazimisha kitandani mara tu baada ya Isha, chumba kikiwa bado kimebeba joto la bati la mchana, anagombana na mwili wake bure. Kuoga maji kabla ya kulala na feni iliyoelekezwa miguuni vina sababu ya kisayansi.

Sasa kichupa

Melatonini ilitengwa mwaka 1958 na Aaron Lerner wa Yale, kutoka kwenye maelfu ya tezi za ubongo wa ng'ombe. Hakuwa akitafuta usingizi. Alikuwa daktari wa ngozi akitafuta kinachobadilisha rangi ya ngozi. Mwaka 1980 Alfred Lewy akaonyesha kwamba mwanga mkali unaizima melatonini ya binadamu, na hapo ndipo mambo mawili ya makala haya yalipofunga ndoa.

Kwa kawaida huanza kupanda damuni saa mbili hivi kabla ya wakati uliouzoea wa kulala. Ichukulie kama mbiu ya mgambo: ikilia watu wanajua kuna jambo, lakini mbiu haimbebi mtu mgongoni kumpeleka uwanjani. Ndiyo maana matokeo yake kwa mtu ambaye saa yake haina kasoro ni madogo. Mwaka 2013 Eduardo Ferracioli-Oda na wenzake walijumlisha majaribio 19 yenye watu 1,683: melatonini ilifupisha muda wa kupata usingizi kwa dakika 7. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani kilishauri isitumike kutibu ukosefu sugu wa usingizi kwa watu wazima.

Inapofaa ni pale saa ilipohama: aliyetua jana kutoka safari ya mbali, kipofu, kijana ambaye usingizi wake hauji kabla ya saa nane usiku na akiachwa analala vizuri mpaka adhuhuri. Kwa watu hawa wakati wa kumeza ni muhimu kupita kiasi cha kumeza. Anayetaka usingizi wake usogee mapema humeza dozi ndogo saa kadhaa kabla ya wakati wake wa kulala, nne au tano, si akiwa ameshajifunika shuka. Na dozi ndogo maana yake ndogo kweli. Richard Wurtman na wenzake wa MIT walionyesha kwamba miligramu 0.3 inatosha kuifikisha damu kiwango cha kawaida cha usiku. Kidonge cha miligramu 10 ni zaidi ya mara 30 ya hiyo. Kiasi kinachozidi hakizidishi usingizi; kinabaki damuni mpaka asubuhi, saa ambayo mwili ungetaka kuambiwa kumekucha, na mtu anaamka kichwa kizito akidhani hakumeza vya kutosha.

Halafu hakuna uhakika kwamba ni 10. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, inaihesabu melatonini kuwa kirutubisho, haipimwi kama dawa. Uingereza inataka cheti cha daktari. Watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 mwaka 2017: baadhi zilikuwa na asilimia 83 pungufu ya kilichoandikwa, nyengine karibu mara sita yake, na robo zilikuwa na serotonini, kemikali nyengine ya ubongo, ambayo haikutajwa popote. Mwaka 2023 zikapimwa zile peremende laini za Marekani, aina 25. 22 hazikulingana na maandishi. Peremende kwenye nyumba yenye watoto ni hatari ya peke yake, maana mtoto anaona tamtam.

Na yule jirani mwenye presha. Ikiwa anatumia nifedipini, vidonge vinavyoandikwa sana kwetu, asimeze bila kumuuliza daktari: jaribio la mwaka 2000 lilikuta melatonini ikiongezwa juu ya nifedipini presha inapanda. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu isigande), mjamzito na anayenyonyesha nao waulize kwanza.

Piritoni, kungumanga na vyengine vya jikoni

Asiye na jamaa Marekani huenda duka la dawa akaomba piritoni. Hiyo ni dawa ya mzio ya kizamani ambayo kusinzisha ni madhara yake. Inakaa mwilini mpaka kesho yake, mwili unaizoea ndani ya siku chache, na kwa wazee inaleta kuchanganyikiwa, kuanguka na mkojo kuziba. Kumpa mtoto ili nyumba ipumue ni jambo ambalo sina lugha laini ya kulielezea.

Kungumanga ni letu, na wengi wetu tumelelewa na maziwa ya moto yaliyokunwa kungumanga juu. Chembe za kunukisha hazina neno. Lakini ndani yake mna mirisitisini, na kijiko kimoja au viwili vya unga wake vinatosha kumtia mtu mapigo ya moyo ya kasi, kichefuchefu na kuona visivyokuwepo, hali inayoweza kudumu siku nzima na zaidi. "Kidogo kilisaidia, kikubwa kitasaidia zaidi" hapa ni njia ya kwenda hospitali. Mchaichai ulijaribiwa Brazili katika miaka ya 1980 na haukuonekana kulaza watu. Faida yake kubwa ni kutokuwa na kafeini, faida inayopotea pale unapochemshwa pamoja na majani ya chai. Magnesi ina majaribio machache ya wazee, jumla yao 151, yaliyoonyesha dakika kama 17 za nafuu, na walioyapitia wenyewe walisema ushahidi ni dhaifu.

Kahawa ya baraza inastahili sentensi zake. Kafeini inahitaji kama saa tano kupungua nusu mwilini. Kikombe cha saa mbili usiku, nusu yake bado inatembea saa saba. Vikombe vyetu ni vidogo, lakini ni nani anayekunywa kimoja?

Wanaokesha kwa kazi na kwa ibada

Wavuvi wa dagaa hutoka usiku usio na mwezi, na silaha yao ni taa kali juu ya maji. Saa nane za usiku, wakati mwili ungetaka giza, wao wanatazama mwanga unaokusanya samaki. Mwezi ukiwa mpevu wanakaa nyumbani na kulala usiku kama watu wengine. Zamu yao inapangwa na mbalamwezi, na saa ya mwili inasukumwa huku na huku kila mwezi bila kutulia. Hakuna kidonge cha kuliponya hilo. Kinachosaidia ni miwani myeusi wakati wa kurudi pwani asubuhi, chumba chenye pazia zito na feni, na nyumba inayojua kwamba mchana huo ni usiku wa mtu.

Ramadhani nayo inahamisha saa kwa namna yake: tarawehe, mitaa yenye taa mpaka usiku mkubwa, chakula cha daku, kisha usingizi wa asubuhi unaokula ule mwanga wa mapambazuko. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kilele cha melatonini cha wafungaji kimepungua na kimechelewa. Hilo si ugonjwa. Shida huja baada ya Idd, watoto wametoka viwanja vya sikukuu vya Mnazi Mmoja au Tibirinzi usiku na skuli inafunguliwa. Saa ya mwili hairudi mapema zaidi ya saa moja kwa siku, mara nyingi ni chini ya hapo. Wazazi hujaribu kuwalaza mapema na kushindwa. Mlango rahisi ni kuwaamsha mapema na kuwatoa nje juani, usingizi wa usiku utafuata baada ya siku tatu nne.

Kuna kukosa usingizi ambako mwanga na melatonini havikugusi kabisa. Anayekoroma kwa nguvu, akakatika pumzi kisha akashtuka, ana njia ya hewa inayojifunga na anahitaji kupimwa. Na wapo ambao kila wakilala miguu inawatambaa, inawasha kwa ndani, mpaka wainuke watembee. Mara nyingi kwao kinachopungua ni madini ya chuma, na kipimo cha ferritini ya damu, yaani akiba ya chuma, kinaonyesha. Wenye upungufu wakipewa chuma wengi hupata nafuu, na chai ya rangi inayofuata chakula hapo hapo huzuia kisifyonzwe, kwa hiyo ingoje saa moja. Ila chuma nacho hakimezwi kwa kukisia. Pemba ndiko lilikofanyika jaribio kubwa, la zaidi ya watoto 24,000, la kuwapa watoto wadogo chuma na foliki (vitamini) bila kuwapima, kisiwani ambako malaria ilikuwa imeshamiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: waliopewa walilazwa hospitali au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wasiopewa, wakati katika kundi dogo lililopimwa damu, wale waliokuwa na upungufu kweli ndio walionufaika.